Amplifaya haijazimwa tangu Pasaka, na LUKU ni ya wapangaji watatu

BARUA

Mzee wangu wa safu, shikamoo.

Mimi ni mpangaji, naishi Tabata, chumba na sebule. Nyumba yetu ina wapangaji watatu na LUKU moja. Kila mwanzo wa mwezi kila nyumba inatoa elfu kumi na tano, tunamkabidhi dada wa vyumba vya mbele, yeye ndiye ananunua na kuingiza namba. Huu ni mwaka wa tatu na hatujawahi kugombana kwa ajili ya umeme.

Machi mwaka huu nilipata hela kidogo nikajinunulia kitu nilichokitamani tangu nasoma: amplifaya ya mtumba, ya Kijapani, zile za zamani za chuma kitupu. Nzito mpaka bodaboda aliniongezea nauli. Nyuma imeandikwa 100V, 50/60Hz, 260W. Muuzaji wa Kariakoo akaniuzia na transfoma ya kushusha umeme, boksi la bluu lililoandikwa 220V–110V, 500W. Spika nilikuwa nazo, mbili kubwa alizoniachia marehemu baba mdogo.

Jamaa aliyekuja kunifungia, mtu anayesifika mtaani kwa kujua muziki, aliniambia hivi: "Kaka, hii mashine usiizime. Kinachoua amplifaya ni washa-zima, washa-zima. Iache iwake, ikiwa ya moto ndiyo inaimba." Nikamwamini. Tangu Jumatatu ya Pasaka haijazimwa, isipokuwa umeme ukikatika, na ukirudi inajiwakia yenyewe. Usiku naweka sauti sifuri nalala. Na nisiseme uongo, ikifika saa nne usiku inaimba vizuri kweli.

Matatizo yalianza Juni. LUKU iliyokuwa inafika mwisho wa mwezi ikaanza kukata tarehe 20. Tukakaa kikao uani. Mzee, mimi ndiye niliyesema kwamba tatizo ni friji la dada wa mbele, maana nyumba nzima friji ni lake tu. Hakubisha. Tangu siku hiyo analizima usiku. Lakini yeye anauza barafu za watoto, na sasa asubuhi barafu zinakuwa nusu maji. Na LUKU bado inakata tarehe 20.

Wiki iliyopita mwanawe, wa darasa la tatu, alikuja kwangu kuchukua mpira uliopita dirishani. Akaona taa nyekundu akaniuliza, "Anko, redio yenu hailali?" Sikuwa na jibu.

Mke wangu naye ana lake. Ameifunika kwa kitambaa cha kufuma alichopewa kwenye kitchen party yake, juu akaweka chombo cha maua ya plastiki. Sasa kitambaa kimeanza kuwa cha njano katikati na anasema anasikia harufu. Nikiweka kiganja juu ya mfuniko nahesabu mpaka sita tu, natoa mkono.

Naomba unisaidie. Ni kweli nikiizima naiua? Na kama haiimbi, kweli inakula umeme wa maana? Dada wa mbele nimwambie nini?

Mwenye Redio Isiyolala, Tabata

JIBU

Marahaba mwanangu.

Izime. Weka gazeti chini uizime kwanza, boksi la bluu nalo ulichomoe, kitambaa ukitoe, halafu urudi tuendelee. Nikishaambiwa harufu na kitambaa cha njano sina haja ya kusubiri mwisho wa barua.

Sasa tuongee. Huyo jamaa yako hakukudanganya kwa makusudi. Alichokuambia kilikuwa kweli kwa mashine za aina nyingine, zama nyingine. Zamani redio na amplifaya zilitumia valvu, vile vichupa vya kioo vyenye waya mwembamba ndani unaowaka mwekundu. Kila ukiwasha, waya unapata moto ghafla, ukizima unapoa. Kutanuka na kusinyaa huko ndiko kunakokata waya. Ni kisa kile kile cha globu za zamani: umewahi kuona ngapi zinaungua katikati ya usiku zikiwa zimetulia? Zilikuwa zinaungua pale unapobonyeza swichi, tap, giza. Mwaka 1943 mhandisi wa Posta ya Uingereza, Tommy Flowers, alipotaka kuunda Colossus, mashine ya kuvunjia siri za Wajerumani yenye valvu zaidi ya 1,500, watu walimwambia hazitadumu. Yeye alikuwa ameshazizoea kwenye mitambo ya simu, akajua kwamba valvu zikiwashwa na kuachwa hazifi ovyo. Akashinda ubishi.

Kwa hiyo maneno ya jamaa yako yana ukoo mzuri. Tatizo ni kwamba mashine yako, kwa jinsi ulivyoieleza, ni ya transista, vidude vidogo vilivyochukua nafasi ya valvu, na transista haina waya wa kuungua. (Hata wenye amplifaya za valvu nyumbani siku hizi wanazima, kwa sababu valvu kubwa za kutoa sauti zina saa zake, elfu chache tu, na kuziacha ziwake mkiwa mmelala ni kuzila bure.)

Kinachoizeesha amplifaya ya transista ni joto. Ndani yake kuna vitu kama makopo madogo vinavyosimama wima, kapasita. Vinahifadhi umeme na ndani vina majimaji ya kemikali. Majimaji yale hukauka taratibu, na joto ndilo linaloyakausha. Mafundi wana kanuni wanayoitumia kukadiria: kila joto likipanda nyuzi 10, umri wa kapasita unakatika nusu. Nyingi za kawaida zimeandikwa ubavuni nyuzi 85, na mtengenezaji anaziahidi saa 2,000 kwenye joto hilo. Saa 2,000 ni kama miezi mitatu tu. Zinakaa miaka kwa sababu kwenye mashine iliyowekwa vizuri hazifiki huko. Kwenye nyuzi 45 saa 2,000 zinageuka 32,000.

Yako haiko kwenye 45. Chuma kinachokufanya utoe mkono baada ya kuhesabu sita kiko kwenye nyuzi 55 hadi 60 hivi, na huo ni mfuniko. Ndani tuseme 65. Hapo ahadi inakuwa saa 8,000. Mwaka mzima una saa 8,760. Wewe tangu Pasaka umeshatumia zaidi ya 4,000, tena kwenye kapasita zilizokuja na umri wake kutoka Japani. Hii haina maana kwamba siku ya saa 8,001 italipuka. Ni makadirio, na kapasita hufa kwa kuchoka, sauti inaanza kuvuma, besi inalegea. Lakini ona tofauti: ungekuwa unaisikiliza saa nne kwa siku, zile saa 8,000 zingekupeleka zaidi ya miaka mitano. Na ukiishusha mpaka 45, miaka 20 na ushee, utamrithisha mwanao.

Kuwasha na kuzima kuna madhara yake, sikatai. Ukibonyeza swichi, transfoma na kapasita tupu zinavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na swichi yenyewe inapiga cheche ndogo ndani. Ndiyo maana sikushauri uizime kila ukitoka kwenda dukani kununua vocha. Lakini mara moja au mbili kwa siku ni kazi iliyotengenezewa. Ule mlio wa "tak" unaousikia sekunde chache baada ya kuwasha ni rilei, inasubiri mambo yatulie ndipo inaunganisha spika. Waliounda mashine hiyo walijua kabisa kwamba itazimwa.

Na utamu wa saa nne usiku? Upo kidogo. Transista zinahitaji kupata joto lake ndipo zitulie, na hiyo inachukua nusu saa, dakika arobaini kwa mashine kubwa. Haihitaji miezi sita. Ukifika nyumbani iwashe, oga, kula, sikiliza habari za siku kutoka kwa mama watoto. Ukikaa kwenye kochi itakuwa tayari. Mimi nadhani sehemu kubwa ya utamu wa saa nne ni kwamba saa hiyo daladala zimepungua barabarani na watoto wamelala.

Kuna jambo hukuniuliza, nami naliona baya kuliko swali lako. Boksi la bluu. Limeandikwa 220 kwa 110, yaani linagawa kwa mbili, basi. Umeme wetu unahesabiwa kuwa volti 230. Gawa kwa mbili unapata 115. Mashine yako imeandikwa 100. Tangu siku ya kwanza unailisha asilimia 15 zaidi ya ilichoomba, na hilo linapita mpaka ndani: kapasita ya volti 50 iliyowekwa kufanya kazi kwenye 45 sasa imesukumwa karibu 52, juu ya kikomo chake. Joto lile la kiganja, sehemu yake ni kitambaa, na sehemu yake kubwa nahisi ni hapa. Wajapani peke yao karibu ndio wanaotumia volti 100 majumbani; boksi la 110 lilifikiriwa kwa vitu vya Marekani. Muuzaji huenda hakujua, au alijua akaona zinakaribiana. Rudi Kariakoo, useme unataka inayotoa 100, uione imeandikwa, na kabla ya kulipa waombe waipime mbele yako. Ukikosa, mafundi wa kusuka mota wanaweza kukusukia. Wati 500 kwa mashine ya 260 ni sawa, hapo huna kosa.

Tena boksi hizo za bei nafuu nyingi zina koili moja tu ndani, inatumika pande zote mbili. Koili ikikatika sehemu mbaya, volti 230 zote zinaingia kwenye mashine ya 100. Kitu cha namna hiyo hakiachwi kikiwaka nyuma ya kochi, karibu na pazia, watu wakiwa wamelala.

Nikupe na kisa changu, maana na mimi nilikuwa na kichwa kigumu. Miaka hiyo nilikuwa na amplifaya, nikaambiwa maneno kama yako, nikaiacha inawaka nikaenda msibani mkoani siku nne. Nilirudi nikakuta sebule inanuka kama mpira ulioungua. Sauti hakuna. Nikatoa chandarua cha spika ya kulia: karatasi ya mbele imesogea nje imebaki hivyo hivyo, kama mtu aliyenuna. Transista moja ya mwisho ilikuwa imekufa kwa kuungana, ikapitisha umeme wa moja kwa moja kwenye spika. Volti 50 kwenye spika ya omu 8 ni zaidi ya wati 300, bila kupumzika, kwenye waya wa koili mwembamba kama uzi. Mashine nyingi nzuri zina ulinzi unaokata hapo. Yangu ulikuwepo na siku hiyo haukufanya kazi. Ningekuwa nyumbani ningesikia mngurumo nikaruka kuzima. Spika za baba mdogo wako hazipatikani dukani.

Tuje kwenye LUKU, ambako ndiko moyo wako ulipo.

Zile wati 260 zilizoandikwa nyuma zisikutishe, ni za mashine ikiwa inafanya kazi kwa nguvu. Lakini kunyamaza kwake si kupumzika. Amplifaya ya aina yako inapitisha umeme kidogo kwenye transista zake muda wote, iwe inaimba au imekaa kimya, ili sauti isikwaruze. Mashine za ukubwa huo hula wati 50 hadi 70 zikiwa kimya. Nikadirie 60 kwa yako, na boksi la bluu lenyewe kama 12 kwa kule kuvuma kwake tu. Jumla 72. Kwa siku ni uniti 1.7, kwa mwezi karibu uniti 52. Bei ya matumizi ya kawaida ni shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mkononi inakuja kama 356. Hizo uniti 52 ni shilingi 18,500.

Wewe unatoa elfu kumi na tano.

Friji dogo la kawaida linakula kama uniti moja kwa siku, 30 kwa mwezi, kwa sababu linawaka na kujizima. Redio yako iliyonyamaza imelipita friji la dada, na friji lilikuwa linafanya biashara. Elfu 45 zenu, ukiacha kodi ya jengo, zinanunua kama uniti 120 na kidogo. Uniti 52 za redio yako zinalingana na zaidi ya 40 katika kila 100 za hizo. Ungekuwa unaiwasha saa nne tu kila jioni, zingekuwa uniti 9 hivi, elfu tatu.

Usiniamini mimi, ihesabu. Kwenye mita yenu kuna taa ndogo nyekundu inayopepesa, na usoni imeandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja, mara nyingi 1,000 au 1,600. Chagua saa ambayo wenzako wako tayari, waombe wazime kila kitu, friji na chaja za simu, dakika kumi tu. Taa ikiacha kupepesa mnajua nyumba imelala. Kisha washa boksi na amplifaya, sauti sifuri, shika simu uhesabu mipepeso kwa dakika kumi. Kama mita ni ya 1,000, zidisha kwa sita upate wati. Kama ni ya 1,600, zidisha kwa 3.75.

Na utaifanya hesabu hiyo mbele ya dada wa mbele. Nimefikiria kama kuna njia ya kukuokoa na aibu nikaona hakuna, au ipo lakini ni ya kuzima kimyakimya na kumwacha aamini friji lake lina makosa. Mtoto wake ameshakuuliza. Mgongee jioni akiwa hajaanza kupika, muite dada kama unavyomuita siku zote, umwambie: "Dada, lile jambo la friji nililisema mimi, na nilikosea. Ilikuwa redio yangu." Usianze na habari za kapasita. Mwambie alirudishe friji usiku leo leo.

Halafu fedha. Kilichozidi kwa mwezi ni kama 15,400; kwa miezi sita 92,000 na ushee. Theluthi moja ulilipa mwenyewe. Zilizobaki ni za nyumba mbili, kama 61,500. Kutoa hela taslimu mkononi kunaweza kuleta maneno, wengine wataona umewatupia. Ningekuwa wewe, ningesema mwezi huu na unaokuja LUKU ya elfu 45 nanunua peke yangu. Hapo wenzako wanabaki na elfu 60 zao mfukoni na hesabu imekaribia kabisa. Barafu zilizoyeyuka siwezi kukupigia hesabu. Hizo utazungumza naye.

Mke wako muombe radhi kwa upande wa harufu, alisikia kabla yako. Lakini na yeye kitambaa akitafutie pahali pengine. Najua hakuna sebule ya Dar isiyo na kitambaa juu ya kitu, ila zile tundu za juu ya mfuniko ndizo pua za mashine. Iachie nafasi juu kama kiganja na nusu, na ubavuni kidogo, isiingizwe kwenye kabati lililofungwa nyuma. Maua ya plastiki hayana ubaya yakikaa juu ya spika, alimradi asiyawekee maji siku akipata ya kweli. Na kwa kuwa kitambaa kilifika kuwa cha njano, kabla ya kuisikiliza tena mpelekee fundi anayejulikana aifungue, atazame kama kuna kapasita iliyovimba kichwa na kama fyuzi ni fyuzi kweli au kuna mtu alishaweka waya. Wewe usiifungue; kapasita kubwa hubaki na umeme hata ikiwa imechomolewa.

Umeme ukikatika, inuka ukabonyeze swichi ya amplifaya hapo hapo gizani. Unaporudi mara nyingi haurudi kwa upole, unapanda na kushuka, na mafriji ya mtaa mzima yanaamka pamoja. Ile friji gadi wanayouza kwa ajili ya friji inafaa pia hapa: inakata volti zikizidi au zikipungua, na ikishakata inasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu. Iweke kabla ya boksi la kushusha. Vuli ndiyo hiyo inaingia. Kukiwa na radi chomoa kabisa, gadi hiyo haihimili radi.

Wapo wasomaji watakaosema mbona wao sabufa zao hazizimwi na hawana shida. Inawezekana. Amplifaya nyingi za siku hizi ni daraja D, hazipati joto la maana, na zikikaa kimya zinajilaza zenyewe. Kilichotengenezwa kwa kikomo cha Ulaya kilichoanza 2013, kama hakina skrini wala mtandao, hakitakiwi kula zaidi ya nusu wati kikiwa kimelala, ambayo kwa mwaka mzima haifiki hata shilingi elfu mbili. Ya namna hiyo iache ilale tu. Kuna na wale wa Kigamboni na Mbezi Beach wanaoniambia joto la mashine linafukuza unyevu wa bahari. Kweli linafukuza, lakini kuiwasha jioni tatu kwa wiki kunatosha kwa kazi hiyo. Mende nao wanapenda joto, na nimeshatoa ndani ya amplifaya moja ya ufukweni familia nzima pamoja na mjusi aliyewafuata.

Ukishahesabu mipepeso niandikie ilikuwa mingapi. Kwa mita ya 1,000 mimi nasema 12.